Gari la Mtumba Lina ABS? Historia Inakuonyesha pa Kutazama

Umesimama yadi. Mbele yako kuna gari lililotoka Japani, limeoshwa hadi linang'aa, na muuzaji anakutajia sifa zake: "AC ipo, eabegi zipo, ABS ipo. Full, kaka." AC utaiwasha usikie baridi. Lakini ABS utaijuaje? Gari likiwa limesimama huwezi kuihisi, na siku utakayoihitaji utakuwa umebakiza sekunde mbili ugonge kitu.

Leo hebu tuache maneno ya muuzaji tuiulize historia. Kila sehemu utakayoikagua kwenye gari hilo iliwekwa na mainjinia waliokuwa wanapambana na tatizo fulani. Ukilijua tatizo, utajua pa kutazama.

Tatizo la kwanza ni la fizikia. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami iliyolowa, gurudumu linaweza kukwama: linaacha kuzunguka huku gari bado linakwenda. Hapo tairi linateleza kama sabuni. Msuguano unapungua, na baya zaidi, usukani unakuwa pambo, kwa sababu tairi haliwezi kuligeuza gari kama halizunguki. Unakata kulia, gari linanyoosha mbele kulekule. Ndiyo maana madereva wa zamani walifundishwa kupampu breki: kanyaga, achia, kanyaga tena. Tatizo ni kwamba mguu ni mzito, halafu ni mmoja tu, na magurudumu ni manne.

Waliotangulia kulitatua jambo hili kwa mafanikio walikuwa watu wa ndege. Ndege ikitua na gurudumu likakwama, tairi linasuguliwa sehemu moja hadi linapasuka, na rubani aliye juu huko hahisi kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilitoa kifaa kilichoitwa Maxaret. Ndani yake mlikuwa na kigurudumu kizito kinachozungushwa na gurudumu la ndege. Gurudumu la ndege likipunguza mwendo ghafla, kile kizito hakiwezi kusimama mara moja. Kinaendelea kuzunguka, na tofauti hiyo ya mwendo inafungua vali na kulegeza breki. Hakuna kompyuta wala waya. Mwaka 1958 kilijaribiwa kwenye pikipiki ya Royal Enfield, na mwaka 1966 kikawekwa kwenye gari la Jensen FF. Gari hilo lilikuwa ghali kweli kweli; yalitengenezwa 320 tu.

Kwa magari ya watu wengi ilibidi kusubiri elektroniki. Mwaka 1970 Mercedes-Benz waliwaonyesha waandishi wa habari mfumo wa umeme uliofanya kazi vizuri kwenye majaribio. Lakini ulikuwa na vipuri vya elektroniki karibu 1,000, na kila kimoja kilikuwa nafasi nyingine ya kuharibika kwa joto na mtikisiko wa barabara. Mwaka 1971 Chrysler ya Marekani iliweka mfumo wake kwenye gari la Imperial, kwa mnunuzi aliyetaka kuongeza pesa. Mwaka 1978 ndipo Bosch na Mercedes-Benz walipoleta ABS ya kidijitali kwenye magari ya S-Class, vipuri vikiwa vimeshuka hadi 140 hivi. Jina lenyewe linatoka Kijerumani: Antiblockiersystem.

Sasa shika hapa, maana ndipo penye jibu lako. Mainjinia wale walijiuliza: kompyuta ikifa barabarani itakuwaje? Wakaamua ABS ikiharibika ijizime, breki zibaki za kawaida. Uamuzi mzuri, lakini ukazaa hatari mpya: dereva anaweza kutembea mwaka mzima akidhani analindwa, kumbe hana kitu. Ndiyo sababu wakaweka taa kwenye dashibodi. Taa ile ya ABS ni ungamo la mainjinia kwamba kifaa chao kinaweza kufa kimya kimya.

Basi anza nayo. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS iwake, kisha izime yenyewe baada ya sekunde chache, au mara tu unapoanza kutembea. Ikibaki inawaka, mfumo upo lakini mbovu. Isipowaka kabisa, ama gari halina ABS, ama kuna mtu ameiua taa ili usiulize maswali. Taa isiyowaka inatia shaka kuliko inayowaka.

Pili, fungua boneti. Tafuta boksi la alumini lenye mota ndogo na plagi kubwa ya waya, limeunganishwa na paipu za chuma za breki. Kwenye magari mengi mbili zinaingia, nne zinatoka: kila gurudumu na njia yake. Ndilo jibu la ule udhaifu wa mguu mmoja.

Tatu, kata usukani hadi mwisho, umulike tochi nyuma ya gurudumu la mbele. Mpira wa breki utauona kwenye kila gari. Kwenye gari lenye ABS kuna pia waya mwembamba unaokwenda kwenye habu. Hiyo ni sensa ya mwendo, mjukuu wa kile kigurudumu cha Maxaret. Waya ukiwa umekatwa, umepata habari yako.

Usitegemee neno "ABS" kwenye mfuniko wa fyuzi. Kwa miaka mingi ABS ilikuwa kitu cha kulipia ziada, na mfuniko mmoja ungeweza kutumika kwa magari yote ya aina hiyo. Hata Ulaya, watengenezaji walikubaliana kuiweka kwenye kila gari dogo jipya kuanzia mwaka 2004 tu. Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana.

Mwisho, mwombe fundi asome kompyuta ya gari kwa mashine, kisha mjaribu sehemu tupu na salama, mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mkikanyaga breki kwa nguvu. ABS ikifanya kazi, pedali inatetemeka chini ya mguu na unasikia mkwaruzo. Usiogope, ndiyo ile kupampu ya zamani, ila sasa inafanyika mara nyingi kwa sekunde.

Kwa nini uhangaike hivi? Kwa sababu jibu linabadilisha kazi ya mguu wako. Gari lenye ABS, kanyaga moja kwa moja usiachie, na uendelee kukata usukani. Lisilo nayo, lazima ulegeze magurudumu yanapokwama. Ukikosea ni gari lipi unaendesha, utafanya kinyume wakati mbaya kabisa.

Na hata ukiwa nayo, usivimbe kichwa. Huko Munich, Ujerumani, watafiti walilinganisha teksi zenye ABS na zisizo nayo. Ajali zilikaribiana, kwa sababu madereva wenye ABS waliendesha kwa ujasiri zaidi. Pia kwenye changarawe ABS inaweza kuongeza umbali wa kusimama, kwa kuwa gurudumu lililokwama hujikusanyia kifusi mbele yake na kifusi kinalizuia, linalozunguka hukipanda.

Kwa hiyo siku ya kwenda yadi beba tochi. Muuzaji akisema "ipo, bosi," mwambie sawa, halafu uiname uangalie huo waya.