Kutoka Rhamu hadi Wilson

Ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka uwanja wa ndege wa Mandera hadi ule wa Wilson, Nairobi, unapata takriban kilomita 800. Ndege ya propela huzimaliza kwa saa moja na nusu, ikichelewa mbili. Mimi ni mtu wa Rhamu, na hesabu hiyo haijawahi kunitosha. Mandera iko mashariki yetu, kilomita 75 hivi, kwa hiyo sisi tukienda Nairobi huanza kwa kuipa Nairobi mgongo.

Zamani kilichohesabiwa kilikuwa ruhusa. Mwaka 1926 wakoloni waliifunga NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, sisi tukiwa ndani yake, ikawa hatoki mtu wala haingii bila kibali. Uhuru ulipokuja, hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, vita vya Shifta vya kutaka kujitenga vikiwaka, na haikuondolewa hadi 1991. Usafiri ulikuwa lori. Unapanda juu ya mizigo, unapitia El Wak, Wajir na Garissa, zaidi ya kilomita 1,000, na kila kizuizi mnashuka mnapanga foleni, vitambulisho mkononi. Mvua ikinyesha, lori linalala kwenye tope, na safari ya siku tatu inakuwa ya wiki nzima.

Aliyetufungulia anga ni miraa. Ikishachumwa Meru ina siku mbili hivi kabla ya kunyauka na kupoteza nguvu, na hakuna lori la kuiwahisha Mandera. Basi ikapelekwa Wilson, ikapakiwa kwenye ndege ndogo alfajiri. Wakishashusha magunia, ndege ilikuwa inarudi tupu, na mwenye mgonjwa alikwenda kumwomba rubani. Nimesafiri hivyo nikiwa mwanafunzi: viti vimeng'olewa, nimeketi juu ya turubai, vipande vya majani ya mgomba yaliyofungia miraa vimetapakaa miguuni, na kando yangu mama amemlaza mwanawe mwenye homa mapajani. Inaniuma mpaka leo kwamba jani lilitengewa ndege, na yule mama akabaki kuomba nafasi ya kurudi nayo.

Kisha tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, basi la kwenda Nairobi lilitekwa, watu 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda likizo. Baada ya hapo mwenye nauli alipanda ndege. Asiye nayo alisubiri msafara wa polisi, siku yoyote utakaoondoka.

Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, kilomita 740 hivi, inayopita Wajir, El Wak na hapa kwetu. Wengi wanaizungumzia kwa sababu ya Nairobi. Mimi nakitazama kipande cha mwisho, Rhamu hadi Mandera, kwa sababu mama anayeshikwa na uchungu usiku hapa Rhamu, hospitali kubwa iko kule.