Gin ya London: ulevi, sheria na vifo vya maskini

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: «Maskini anakufa upesi kwa sababu anakunywa.» Neno hilo lilisemwa sana mjini London karibu miaka 300 iliyopita. Tutazame historia ya mji ule, tuone kama neno hilo ni kweli yote ao nusu tu.

Mwaka 1689 Uingereza iliingia vitani na Ufaransa, ikakataza pombe kali ya Wafaransa. Mwaka 1690 Bunge likafungua mlango: karibu kila mtu aliweza kutengeneza pombe kali kwa nafaka ya inchi yake. Wenye mashamba walifurahi, kwani nafaka yao ilipata wanunuzi. Serikali nayo ilipata kodi. Kwa hiyo gin ikauzwa kwa bei ndogo sana. Mwaka 1726 mahakimu walihesabu pahali zaidi ya 6,000 palipouzwa gin, na hawakufika katika sehemu zote za mji.

Walioinywa walikuwa wafuma nguo, wachukuzi na watumishi, wanaume kwa wanawake. Walirundikana katika vyumba vya baridi, wakala kidogo, wakatumia maji machafu. Miaka ile, mjini London, hesabu ya waliozikwa ilipita hesabu ya waliobatizwa, na watoto wadogo walikufa kuliko wote.

Wakubwa nao walikunywa. Divai ya Ureno ilipunguziwa kodi kwa mapatano ya mwaka 1703, ikajaa mezani pao. Robert Walpole, mkuu wa Serikali, alijulikana sana kwa wingi wa divai aliyoinunua. Sheria za gin hazikugusa meza yake.

Mwaka 1736 Bunge lilitunga sheria kali: kila muuzaji wa gin alipe pauni 50 kwa mwaka apate ruhusa, na kodi ya shilingi 20 kwa kila galoni, ndiyo karibu litri 4. Lakini ona jambo hili: sheria ililenga wale waliouza chini ya galoni mbili. Mwenye fedha ya kununua galoni mbili kwa mara moja hakusumbuliwa. Mwenye kununua kikombe kimoja ndiye aliyefungiwa mlango. Matunda yake yalikuwa mabaya. Karibu hakuna aliyelipa pauni 50. Gin iliuzwa kwa siri, wachongezi walipewa zawadi, na watu wenye hasira wakawapiga njiani. Mwaka 1743 sheria ile ilifutwa.

Mwaka 1751 mchoraji William Hogarth alitoa picha yake ya mtaa maskini wa St Giles ulioharibiwa na gin. Mwaka ule ule sheria mpya ikafuata njia nyingine: iliongeza kodi kwa kiasi, ikawakataza watengenezaji kuwauzia wasio na ruhusa. Kisha mavuno yakawa haba, na mwaka 1757 nafaka ikakatazwa kutiwa katika pombe kali. Bei ikapanda, ulevi ukapungua. Vifo navyo vilipungua baadaye. Lakini wanahistoria wengi hawakubali kwamba gin peke yake ilikuwa sababu, kwani chakula, nyumba na magonjwa vilikuwa na sehemu yao.

Wataalamu wa siku hizi wanashuhudia jambo lile lile. Uchunguzi uliotolewa Scotland mwaka 2017 ulionyesha kwamba, hata watu wakinywa kiasi kilekile, pombe inamdhuru maskini kuliko tajiri. Mwaka 2018 Scotland iliweka bei ambayo pombe haiwezi kuuzwa chini yake. Mwaka 2023 wachunguzi waliandika kwamba vifo vinavyoletwa na pombe peke yake vilipungua kwa karibu 13 kwa mia, kuliko ginsi ambavyo vingekuwa bila sheria ile, na zaidi katika mitaa ya maskini.

Basi, tukisema «anakufa kwa sababu anakunywa», tumesema nusu. Kikombe ni kimoja, lakini kinaingia katika mwili wenye njaa ao ulioshiba, katika nyumba yenye munganga karibu ao isiyo naye. Hapa kwetu pia anayekunywa lutuku ya kificho na anayekunywa bia ya chupa hawahukumiwi sawasawa. Anayetaka kuwaongoza watu aukemee ulevi, ndiyo. Lakini kwanza aulize ni nani anayepata faida, na ni nani anayezikwa.