Alama Iliyo Juu ya Gurudumu

Ujenzi wa skimu ya Lower Moshi ulianza mwaka wa 1984 ukamalizika 1987, kwa mkopo wa Serikali ya Japani. Mifereji ya Mabogini na mbegu ya IR54 ilifuatwa na pawatila, na pawatila ikaleta elimu ambayo wengi wetu tuliidharau, yaani kupima taimingi ya injini.

Dizeli haina plagi kama petroli; huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Basi kinachopimwa ni wakati pampu inapoanza kusukuma mafuta. Mrija uendao kwenye nozeli hufunguliwa, gurudumu zito likazungushwa polepole kwa mkono, mtu akiutazama mdomo wa pampu. Mafuta yanapoanza tu kupanda, alama ya gurudumuni sharti ielekeane na ile ya kwenye mwili wa injini. La sivyo, shimu zilizo chini ya pampu huongezwa ili mafuta yachelewe, au hupunguzwa ili yawahi. (Wapo mafundi wapimao kwa sikio. Tuliwahi kumwamini mmoja.)

Mafuta yakiwahi mno injini hugonga. Yakichelewa hutoa moshi na kukosa nguvu topeni. Msimu ule yetu yalichelewa, na zamu ya maji haikutungoja. Maji yenyewe yalikwisha kupungua tangu miaka ya 1990, kwani wakulima wa juu, walipoyaona mavuno ya skimu, nao walipanda mpunga. Majaruba yetu yalikauka kabla ya kuvurugwa.

Mwaka uliofuata tulipima wenyewe, kwa kurunzi, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya pawatila kushuka shambani.