Kilima cha Pugu

Tukitoka Dar es Salaam kuelekea kusini-magharibi, twafika vilima vya Pugu. Wengi wetu twapita pale pasipo kukumbuka habari zake.

Mwaka wa 1888 watawa Wabenedikto kutoka Ujerumani walijenga pale misheni, wakawalea watoto waliotolewa utumwani. Furaha yao ilikuwa ya kila siku: kulima, kusali, kufundisha. Lakini mwaka ule ule Kampuni ya Kijerumani ilitwaa utawala wa pwani kwa kiburi, na Abushiri bin Salim akaondoka kupigana nayo. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ilishambuliwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine walitekwa. Waliowalea waliokombolewa, wao nao wakahitaji kukombolewa kwa malipo.

Je, tumlaumu nani? Tusihukumu upesi. Mwenyeji aliyeona bendera na msalaba vikija kwa njia moja, angewezaje kuvitenga? Yatupasa kuungama hayo kwa unyenyekevu, huku tukiwalilia waliokufa.

Hata hivyo mbegu haikupotea. Baadaye Pugu palikuwa na shule ya Mtakatifu Fransisko, na Julius Nyerere alifundisha pale. Mwaka wa 1955, ilipombidi kuchagua ualimu au siasa, aliacha mshahara wake. Akawa Rais, lakini jina alilolipenda ni Mwalimu tu.

Basi, ndugu wasomaji, imani hukua katika majembe, machozi na chaki. Kiburi hubomoa, unyenyekevu hujenga tena.