Kihenge, Ghala na Ndege wa Kampala

Kiswahili kina kitenzi ambacho wanafunzi wetu wengi hawakijui tena: kuamia. Maana yake ni kulinda shamba lililoiva lisiliwe na ndege. Mwenye kuamia hupanda dungu, akashika kombeo, akapiga kelele tangu alfajiri hata jua lichwe. Lakini nafaka ikisha kuvunwa na kuwekwa akiba, kazi hiyo hukoma. Hakuna aliyejengewa dungu ndani ya kihenge, kwa maana kihenge chenyewe kilikuwa mlinzi. Historia ya maghala ya Kampala yatuonyesha jinsi ulinzi huo ulivyopotea, na jinsi uwezavyo kurudishwa.

Mashariki na kaskazini ya Uganda, katika nchi za wimbi na mtama, akiba ya kila nyumba ilikaa kihengeni. Wateso hukiita edula, Waacholi dero. Kwa Kiganda ni ekyagi. Kihenge cha namna hiyo husukwa kwa fito, hukandikwa kwa udongo au kinyesi cha ng'ombe, huinuliwa juu ya mawe au nguzo, kisha hufunikwa kwa kofia ya nyasi ambayo huinuliwa mtu anapotaka kuchota. Hakina dirisha wala ufa. Ndege aweza kutua juu yake mchana kutwa asipate punje moja.

Kampala, hata hivyo, ilizaliwa katika nchi ya migomba. Matoke hayakai ghalani. Hubaki mgombani hata karibu na siku ya kupikwa. Kwa hiyo, ingawa Waganda walikijua kihenge, mji huu haukukulia katika desturi ya maghala makubwa ya nafaka. Mambo yaligeuka katika enzi ya ukoloni. Wafanyakazi wa mshahara, askari, wafungwa na wanafunzi wa shule za bweni walilishwa posho, yaani chakula cha unga wa mahindi. Mwaka 1931 reli itokayo pwani ilifika Kampala, na shehena zikahitaji majengo makubwa ya kuta ndefu na mapaa ya mabati. Hata leo, katika mtaa wa Kisenyi penye vinu vya mahindi, magunia hupakuliwa na kupakiwa mchana kutwa.

Jengo la aina hii lina faida zake, lakini kwa ndege ni karamu. Migongo ya bati huacha matundu juu ya ukuta. Matundu ya hewa hayana wavu. Mlango hukaa wazi kwa ajili ya malori. Boriti za paa ni matawi yasiyopigwa na mvua. Shomoro huingia kwa matundu, njiwa huingia kwa mlango. Alacho ndege mmoja ni kidogo. Lakini haba na haba iliyojaza kibaba yaweza pia kukimaliza. Tena, hasara kubwa si ile punje iliyomezwa, bali ni chakula kilichonajisiwa. Kinyesi cha ndege chaweza kuleta vijidudu viharishavyo watu, na kikirundikana kwa muda huotesha kuvu ambayo vumbi lake hudhuru mapafu ya wafagiaji. Viota navyo huziba mifereji ya paa na kufuga utitiri.

Wengi husema: tuwaue. Historia inatuonya. Mwaka 1958 serikali ya China iliwaamuru raia wake kuwaangamiza shomoro kwa kuwa walikula nafaka. Shomoro walipopungua, wadudu waliokuwa wakiliwa nao walizidi mashambani, na mwaka 1960 ndege huyo akaondolewa katika orodha ya maadui. Kosa hilo lilichangia njaa kuu ya miaka ile. Huko Unguja lilitendeka kosa la namna nyingine: katika miaka ya 1890 aliletwa kunguru wa Bara Hindi ili asafishe taka za mji. Akazaana, akavuka hata bara, mwaka 1947 akaonekana Mombasa, na leo ni msiba kwa vifaranga vya pwani nzima. Kampala yenyewe inamjua kalooli, korongo mkubwa wa majalalani, ambaye Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere alimchunguza katika miaka ya 1970. Ndege hao wote wanafundisha jambo moja: ndege hufuata chakula. Ukiua mmoja ukaacha mlango wazi na punje sakafuni, mwingine atakuja.

Dawa, basi, ni kulirudishia ghala tabia ya kihenge. Matundu ya hewa yawekwe wavu wa waya wenye macho yasiyozidi sentimita 2, kwa maana shomoro hapenyi hapo. Upenyo baina ya bati na ukuta uzibwe. Mlango ufungwe kazi ikikoma. Kingo ambazo njiwa hutua zifanywe za mteremko. Magunia yapangwe juu ya uchaga, mbali na ukuta, na punje zilizomwagika zifagiliwe kila siku, ndani na nje.

Hayo yote ni gharama ndogo kuliko shehena iliyoharibika au wanafunzi walioharishwa na posho. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu afundishaye methali hiyo asiishie kwenye maadili. Awaeleze wanafunzi dungu ni nini, kihenge ni nini, na uchaga ni nini, kisha awapeleke wakalitazame ghala la shule yao, waone ufa uko wapi.