Mkaribiano wa kiuchumi: pengo la mikoa linapopungua

Mkaribiano wa kiuchumi ni hali ya maeneo yaliyo nyuma kukua haraka kuliko yaliyo mbele, hadi pengo la kipato kati yao likapungua. Istilahi hii inatokana na kitenzi "karibiana". Wapo wanaopendelea "usawa", lakini usawa ni mwisho wa safari. "Mlinganyo" nao umeshachukuliwa na hisabati. Mkaribiano unataja mwendo, na mwendo ndio unaopimwa.

Vipimo ni viwili. Mkaribiano wa beta huuliza kama mkoa maskini unakua kwa kasi zaidi kuliko mkoa tajiri. Mkaribiano wa sigma huuliza kama mtawanyiko wa vipato vya mikoa yote unapungua. Wanauchumi Robert Barro na Xavier Sala-i-Martin, walipochunguza majimbo ya Marekani, walikuta pengo likizibika kwa takriban asilimia 2 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, nusu ya pengo huziba baada ya miaka 35 hivi.

Nadharia inasema mtaji hufuata mahali ulipo adimu, na wafanyakazi hufuata ujira. Historia ya Tanga, nchini Tanzania, inaonyesha mambo hayaendi hivyo daima. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini, na miche 62 iliyosalimika safarini ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Usambara ulianza kutoka bandari ya Tanga. Mtaji ulikwenda penye reli na bandari, nao manamba, yaani vibarua wa mashamba, wakaufuata kutoka Kigoma, Songea na Njombe. Kila mmoja alikuwa na kipande, yaani kadi ya kazi, chenye nafasi za siku 30 za kazi, na ujira ulikadiriwa kwa mtu mmoja, si kwa familia iliyobaki nyumbani ikilima. Jasho lilihama, lakini mikoa walikotoka haikuikaribia Tanga.

Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaliteka soko, bei ikaanguka, na mashamba mengi, yaliyotaifishwa kuanzia 1967, yakadorora. Mpango wa Pili wa Maendeleo, wa 1969 hadi 1974, uliitaja Tanga miongoni mwa miji tisa ya kukuzwa, lakini zao lililoibeba lilikuwa limeshaanza kushuka.

Hapo ndipo istilahi inapohitaji uangalifu. Mkoa uliokuwa mbele ukishuka na wa nyuma ukibaki pale pale, sigma hupungua, na ripoti husoma "mkaribiano" ilhali hakuna aliyepanda. Napendekeza basi tuandike "mkaribiano wa kupanda" na "mkaribiano wa kushuka", ili msomaji ajue ni nani aliyesogea.

Pia tuseme tunalinganisha nini na nini. Wastani wa mkoa huchanganya viwanda vya saruji vya Tanga mjini na Ushongo, kijiji cha wavuvi na hoteli za ufukweni, ambako kufika kutoka Pangani mjini kumetegemea kivuko cha mtoni. Barabara ya Tanga hadi Bagamoyo kupitia Pangani, pamoja na daraja lake, itapunguza gharama ya kusafirisha samaki na watalii. Faida yake tuitafute katika kipato cha kaya za Ushongo zenyewe, maana wastani wa mkoa unaweza kupanda bila hata moja ya kaya hizo kuongeza kipato.