Tengeru, Mazimbu, Nyarugusu

Tengeru, karibu na Arusha, wengi huijua kwa soko lake na migomba yake. Wachache wanajua kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na makazi ya Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao kina mama na watoto. Wasovieti waliwatoa makwao kwa nguvu mwaka 1940 na 1941 na kuwatupa Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 wakatoka kupitia Iran, wakapandishwa meli hadi pwani ya Afrika Mashariki. Walifika wamekonda, na wengi walikuwa wamezika jamaa zao njiani. Hata hivyo hawakukawia kufungua shule: za msingi, sekondari na ufundi, kwa Kipolandi na kwa mtaala wa Polandi.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Wajerumani walipoiteka Polandi mwaka 1939 walifunga sekondari na vyuo vikuu vya Wapolandi. Tarehe 6 Novemba mwaka huo, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Jagiellonian mjini Kraków waliitwa kumsikiliza ofisa wa Kijerumani. Walipokwisha kuketi wakakamatwa, na wengi wao wakaishia kwenye kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Walimu wakaunda mtandao wa siri, wakawa wanafundisha sebuleni na jikoni, vijana wachache kwa wakati mmoja. Karol Wojtyła, aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo wa Pili, alianza masomo ya upadri katika seminari ya siri ya namna hiyo. Mwalimu wa Tengeru alikuwa akiendeleza kazi ileile, ila yeye hakulazimika kufunga mapazia.

Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, ni habari nyingine. Baada ya mauaji ya Soweto ya tarehe 16 Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walivuka mipaka, na baadhi wakafika Tanzania. Mwaka uliofuata chama cha ANC kikapewa shamba la zamani la mkonge. Anna Abdallah ndiye aliyekuwa Mkuu wa Mkoa. Shule ikaanza 1978, na baadaye ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 1979.

Hapa ndipo mila hizi mbili zinapoachana. Wapolandi walibeba shule yao nzima nzima, wakitaka irudi nyumbani kama ilivyotoka. Waafrika Kusini walikuwa wanaikimbia shule yenyewe. Sheria ya Elimu ya Kibantu ya 1953 ilikuwa imewapangia watoto weusi elimu ya vibarua, na risasi za Soweto zilifyatuliwa kwa sababu wanafunzi walikataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Kwa hiyo Mazimbu ilibidi mtaala uandikwe upya. Historia ilisimuliwa kutoka upande wa waliotawaliwa, na wanafunzi walishika jembe na randa (majirani zao Watanzania nao walikuwa wakihubiriwa Elimu ya Kujitegemea tangu 1967). Lakini wakuu wa shule hawakulewa siasa. Waliwaandaa vijana wao kwa mitihani ya London pia, wakijua kwamba mkimbizi anahitaji cheti kinachosomeka ugenini.

Tusizipambe mno shule za wapigania uhuru. Taasisi ya Msumbiji ya FRELIMO, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, ilifungwa 1968 baada ya vurugu, na moja ya hoja zilizozozaniwa ni kama mwanafunzi amalize masomo kwanza au aende vitani. Shule inayomilikiwa na harakati inaweza kumdai mtoto malipo. Pamoja na hayo, Tengeru na Mazimbu zilikuwa na kitu ambacho kambi za leo hazina: wakimbizi wenyewe waliamua watoto wao wafundishwe nini, na kwa kesho ipi.

Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani, wengi wao kutoka Kivu Kusini. Warundi walipomiminika mwaka 2015, watoto wengi walisomea chini ya miti. Mvua ikinyesha, kipindi kimekwisha. Misaada ikijenga madarasa, watoto huingia kwa zamu. Shida hizo zinaonekana kwenye picha, na ndizo wafadhili huzichangia. Ile isiyopigika picha ni mtaala. Wakongomani wamekuwa wakisoma mtaala wa Kongo na Warundi wa Burundi, kama Wapolandi wa Tengeru, lakini maana yake imegeuka. Tengeru mtaala wa nyumbani ulikuwa chaguo la wazazi. Nyarugusu ni sera ya mwenyeji, na ujumbe wake kwa mtoto ni kwamba siku yoyote ataondoka.

Mtazame mtoto wa Kikongomani aliyezaliwa kambini. Nyumbani anaongea Kiswahili. Nje ya kambi, shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili. Yeye, kadiri anavyopanda madarasa, anasomeshwa kwa Kifaransa ili afanye mtihani wa taifa wa nchi ambayo hajaiona. Akifaulu, cheti chake hakimfungulii mlango wa chuo kilicho jirani. Waliozaliwa Nyarugusu mwaka ilipofunguliwa wana takriban miaka 30, na wengine wana watoto kwenye madawati yaleyale.

Mtu atasema nchi maskini haiwezi kubeba watoto wa wengine. Tanzania hiihii imeshaweza. Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kupewa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, watoto wao walisoma mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, na kufanya mitihani ya Tanzania. Zaidi ya 160,000 wa jamii hiyo wamepewa uraia. Kenya nayo, pamoja na ukali wake wote wa kambi, imewafanyisha watoto wa Kakuma na Dadaab mitihani ya Kenya.

Wala mtaala wa nyumbani hauna dhamana ya nyumbani. Julai 1945 Uingereza iliacha kuitambua serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London. Wengi wa Tengeru hawakurudi. Waliishia Uingereza, Kanada na Australia. Wa Mazimbu walirudi, na tangu 1992 majengo yao ni ya Watanzania. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Hakuna aliyeweza kutabiri lipi lingetokea wapi.

Kwa maoni yangu, mtaala wa nchi ya asili unafaa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo mtoto apewe nafasi ya kufanya mtihani wa nchi anayoishi, na wazazi waulizwe. Sheria ipo: kifungu cha 22 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinampa mkimbizi elimu ya msingi sawa na raia, na kinataja hata kutambuliwa kwa vyeti vya kigeni. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo tangu 2022, na Itifaki ya Soko la Pamoja inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti. Mabaraza ya mitihani ya Tanzania, Burundi na Kongo yaanze na vya Nyarugusu.